Mwongozo kamili: Kuitambua fanksheni kwa kuitazama grafu yake

Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu y = 2x² − 4x − 6. Atatengeneza jedwali, atapanga nukta, na muda si mrefu parabola itakuwa kwenye karatasi. Sasa mgeuzie swali: mpe parabola ileile, mwambie akutajie mlinganyo wake. Hapo kalamu inasimama. Kazi ya kwanza tumeirudia darasani mpaka mikono imezoea. Ya pili tumeiacha ijifunze yenyewe, au tumeifundisha kwa kukaririsha picha: ukiona bakuli ni parabola, ukiona V ni |x|, ukiona mawimbi ni sine. Kukariri picha kunakufikisha mahali, kisha picha zinaanza kufanana na hujui ushike ipi.

Mwongozo huu unakwenda kwa njia nyingine. Umbo la grafu linakupa washukiwa. Anayetoa hukumu ni namba. Kwa hiyo tutaanza kwa macho, tutapunguza orodha ya washukiwa, halafu tutachukua nukta chache na kuzipiga hesabu. Uwe na kalamu na karatasi ya grafu karibu. Simu yenye GeoGebra, programu ya kuchora grafu, inasaidia pia, lakini kwa kuhakiki tu, usianze nayo.

Hatua ya 1: Soma mihimili kabla ya mkunjo

Makosa mengi hutokea hapa, kabla hata hujauangalia mchoro wenyewe. Chukua mstari y = 2x. Kama sentimita moja inawakilisha kizio kimoja kwenye mihimili yote miwili, mstari unapanda kwa pembe ya nyuzi 63 hivi. Kama kwenye mhimili wa y sentimita moja inawakilisha vizio 10, mstari uleule unalala kwa nyuzi 11. Mteremko haujabadilika, bado ni 2. Pembe unayoiona ni ya karatasi, mteremko ni wa namba.

Basi jiulize: mraba mmoja ni kiasi gani huku, na ni kiasi gani kule? Mhimili unaanzia sifuri au umekatwa katikati? Je, namba za chini zimeachana sawasawa? Hili la mwisho wengi hulipuuza. Grafu ya sensa za Tanzania, kwa mfano, ina miaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ukiipanga kwa umbali sawa kana kwamba kila sensa imekuja baada ya miaka 10, umeshaharibu umbo, kwa sababu kati ya mbili za kwanza kuna miaka 11 na kati ya 1988 na 2002 kuna 14. Tutairudia sensa hii baadaye, ina somo zuri.

Hatua ya 2: Je, hii ni fanksheni kweli?

Fanksheni ina sharti moja tu: kila x iwe na y moja, isizidi. Kulipima sharti hilo kwenye grafu ni rahisi. Weka rula wima, isogeze taratibu kutoka kushoto kwenda kulia. Kama mahali popote rula inaugusa mchoro mara mbili au zaidi, hiyo si fanksheni ya x.

Duara x² + y² = 25 linaanguka mtihani huu mara moja: penye x = 3 kuna y = 4 na y = −4. Ukikata duara hilo na kubaki na nusu ya juu, unapata y = √(25 − x²), na sasa rula inagusa mara moja tu. Parabola iliyolala ubavu, x = y², nayo inaanguka. Zigizaga ya ajabu isiyo na fomyula yoyote inaweza kufaulu vizuri kabisa. Maana hii pana ya fanksheni, isiyodai fomyula, huhusishwa na mwanahisabati Mjerumani Dirichlet, katika maandishi yake ya 1837. Lakini swali la mtihani likikuambia "tafuta mlinganyo", ujue mtunzi ameshakuhakikishia kwamba upo.

Rula ikiwa bado mkononi, soma domeni na renji. Domeni ni kivuli ambacho mchoro ungekitupa kwenye mhimili wa x: x zipi zina kitu juu yake au chini yake? Renji ni kivuli chake kwenye mhimili wa y. Nusu duara hapo juu ina domeni kutoka −5 hadi 5 na renji kutoka 0 hadi 5. Angalia na vidoto vya mwisho: kilichojazwa maana yake nukta hiyo imo, kilicho wazi maana yake haimo. Mshale mwishoni maana yake mchoro unaendelea nje ya karatasi.

Hatua ya 3: Ihoji grafu

Sasa maswali. Mpangilio una maana, kwa sababu jibu la kwanza huondoa washukiwa wengi kuliko la mwisho.

Ncha zake zinakwenda wapi? Tazama mbali kushoto na mbali kulia. Zote mbili zikipanda juu, au zote zikishuka chini, fikiria polinomia (jumla ya x zenye vipeo, kama x³ − 2x + 1) ya digrii shufwa, digrii ikiwa kipeo kikubwa kuliko vyote: x², x⁴ na ndugu zao. Moja ikipanda na nyingine ikishuka, fikiria mstari nyoofu au polinomia ya digrii witiri. Ncha moja ikijilaza karibu na mstari mlalo bila kuuvuka, na nyingine ikipaa, fikiria fanksheni ya kipeo kama 2ˣ. Ncha zote zikijilaza, fikiria sehemu yenye x chini, kama 1/x. Zikiendelea kupanda na kushuka bila kuchoka, hizo ni sine na kosine.

Je, kuna mahali imekatika? Mkunjo unaopaa pembeni mwa mstari wima usioonekana na kutokea upande wa pili unakuambia kwamba chini ya mstari wa sehemu kuna kitu kinachokuwa sifuri hapo. Mstari huo tunauita asimptoti, na ule mlalo ambao ncha hujilaza karibu yake tunauita vivyo hivyo.

Imegeuka mara ngapi? Hesabu vilele na mabonde. Polinomia yenye vigeuko viwili lazima iwe ya digrii 3 au zaidi. Yenye vitatu, digrii 4 au zaidi. Zingatia "au zaidi": x³ haina kigeuko hata kimoja na bado ni ya digrii 3.

Inakata mhimili wa x wapi, na kwa namna gani? Namna ndiyo siri. Ikivuka moja kwa moja, kuna kigawo kama (x − 3) mara moja. Ikiugusa mhimili na kurudi ilikotoka, kigawo hicho kiko mara mbili, (x − 3)². Ikivuka huku ikijilaza kidogo kwanza, kama x³ inavyofanya penye sifuri, kigawo kiko mara tatu.

Ina ulinganifu? Kunja karatasi kwenye mhimili wa y: pande mbili zikilaliana, f(−x) = f(x), na katika polinomia vipeo witiri vyote vimetoka. Izungushe karatasi kichwa chini miguu juu kwenye nukta ya sifuri: mchoro ukibaki uleule, f(−x) = −f(x), na kwenye polinomia umebakiwa na vipeo witiri tu.

Hatua ya 4: Washukiwa wa kawaida

Mstari nyoofu hauna mjadala mrefu. Chagua nukta mbili ambazo mstari unapita hasa kwenye makutano ya vimraba, ziwe mbali iwezekanavyo, gawa tofauti ya y kwa tofauti ya x. Grafu ya kubadili Selsiasi kuwa Farenhaiti inapita (0, 32) na (100, 212): mteremko ni 180/100 = 1.8, na mlinganyo ni y = 1.8x + 32. Kwa nini nukta za mbali? Kwa sababu ukikosea kusoma nusu ya kimraba kwenye nukta zilizokaribiana, kosa linakuwa kubwa kwenye mteremko.

Parabola ina njia mbili, na unachagua kwa kuangalia unachokiona vizuri zaidi. Kama mikato ya x inasomeka, tumia hiyo. Tuseme inakata −1 na 3, na inakata mhimili wa y kwenye −6. Andika y = a(x + 1)(x − 3). Weka x = 0: −3a = −6, kwa hiyo a = 2. Ukifungua mabano unapata y = 2x² − 4x − 6, ile tuliyoanza nayo.

Kama kinachosomeka ni bonde lake, (1, −8), tumia y = a(x − 1)² − 8. Hapa kuna njia ya mkato isiyofundishwa vya kutosha: simama kwenye bonde, sogea hatua moja kulia, tazama umepanda kiasi gani. Hicho ndicho a. Kutoka (1, −8) hadi (2, −6) umepanda 2, basi a = 2. Ukiwa kwenye kilele utashuka, na a itakuwa hasi.

Usichanganye parabola na V ya |x|. V ina kona kali na mikono iliyonyooka. Weka rula kwenye mkono, itakaa. Parabola imejipinda kila mahali, hata pale inapoonekana kama imenyooka.

Hipabola, yaani familia ya 1/x, isome kwa asimptoti zake. Tuseme mistari ya vidoto iko x = 3 na y = 2, na mkunjo unapita (4, 9). Andika y = 2 + k/(x − 3). Weka nukta: 9 = 2 + k, k = 7. Ukiunganisha, y = (2x + 1)/(x − 3). Kumbuka pia kwamba kuna grafu zenye tundu badala ya asimptoti: (x² − 4)/(x − 2) ni mstari x + 2 wenye kidoto wazi kwenye (2, 4), na programu nyingi za kuchora hazitakuonyesha tundu hilo mpaka ulibonyeze.

Kipeuo cha pili na logi hufanana sana: zote zinapanda haraka mwanzoni kisha zinapunguza kasi. Tofauti iko pale zinapoanzia. √x inaanza kwenye nukta kamili, unaweza kuiwekea kidole. Logi haina mwanzo, inazama chini pembeni mwa mhimili wa y bila kuugusa. Kama sehemu ya mwanzo imekatwa kwenye mchoro, tumia namba: ukizidisha x mara nne, √x inakuwa maradufu, logi inaongezeka kiasi kilekile kila unapoizidisha x maradufu, ikiwa kubwa au ndogo.

Mawimbi: soma mambo matatu, yaani mstari wa katikati, kimo kutoka katikati hadi kileleni, na muda wa wimbi moja. Mfano mzuri uko ufukweni. Kwenye pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi. Tuseme siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, grafu inapanda hadi mita 3.8 na kushuka hadi 0.4. Katikati ni 2.1, kimo ni 1.7. Nyuzi 360 ukizigawa kwa saa 12.42 unapata takriban 29 kwa saa. Ukianza kuhesabu muda t pale maji yalipojaa, mlinganyo ni y = 2.1 + 1.7 cos(29t), pembe ikiwa katika nyuzi. Grafu ya mwezi mzima haitatii mlinganyo huu, kwa kuwa kimo kinapungua kuelekea maji mafu na kukua tena kuelekea bamvua, lakini kwa siku moja inafaa.

Kuna na fanksheni za vipande, ambazo watu huziona kama uchafu wa hesabu ilhali ndizo zinazotawala mifuko yao. Chukua kodi ya mshahara ya Tanzania Bara kwa viwango vilivyoanza Julai 2021. Kwa mwezi, mpaka shilingi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kinachozidi 270,000. Hadi 760,000 ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Hadi 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25 ya ziada. Juu ya hapo ni 128,000 na asilimia 30. Ichore. Utaona mistari mitano iliyounganishwa, kila mmoja mkali kuliko uliotangulia, yenye kona nne na bila mruko hata mmoja. Mwisho wa kipande cha pili ni 0.08 × 250,000 = 20,000, na kipande cha tatu kinaanzia palepale. Grafu hii peke yake inamaliza ule ubishi wa maofisini kwamba ukiongezwa mshahara ukavuka daraja utabaki na pungufu. Ili hilo litokee ingebidi grafu iruke juu kwenye kona, na hairuki.

Linganisha na jedwali la ada za kutuma pesa kwa simu. Pale ada inabaki ileile kwa kiasi chote cha daraja moja, kisha inaruka ghafla ukivuka. Grafu yake ni ngazi: vipande vya mlalo, upande mmoja kidoto kilichojazwa na upande wa pili kidoto wazi. Ukiona ngazi, usitafute mlinganyo mmoja. Andika masharti ya kila kipande.

Hatua ya 5: Namba zitoe hukumu

Hapa ndipo tunatengana na wakaririji. Chora y = x² na y = 2ˣ kwenye karatasi moja, x kutoka 0 hadi 4. Zinakutana kwenye (2, 4). Zinakutana tena kwenye (4, 16). Katikati ya nukta hizo, penye x = 3, moja ina 9 na nyingine 8. Kwenye karatasi ambayo sentimita moja ya y ni vizio 2, tofauti hiyo ni nusu sentimita, na kwa mkono wa haraka hakuna mtu atakayeapa ipi ni ipi. Macho yameshindwa. Sasa soma y kwa hatua sawa za x:

x: 0, 1, 2, 3, 4
mkunjo wa kwanza: 0, 1, 4, 9, 16
mkunjo wa pili: 1, 2, 4, 8, 16

Toa kila namba kutoka kwa inayoifuata. Wa kwanza unatoa 1, 3, 5, 7. Toa tena: 2, 2, 2. Tofauti za pili zikilingana, ni parabola, na nusu ya namba hiyo ndiyo a. Hapa ni 1. Wa pili unatoa tofauti 1, 2, 4, 8, na ukitoa tena 1, 2, 4. Hautulii hata ukitoa mpaka kesho. Lakini gawa badala ya kutoa: 2/1, 4/2, 8/4, 16/8, zote 2. Uwiano ukilingana, ni fanksheni ya kipeo, na uwiano huo ndio msingi wake.

Kanuni nzima inaingia kwenye aya moja. Kwa hatua sawa za x: tofauti za kwanza zikilingana, ni mstari nyoofu; za pili, ni digrii 2; za tatu, ni digrii 3; uwiano ukilingana, ni kipeo. Ukizidisha x kwa y na jibu likabaki lilelile, y = k/x, kama gesi inayobanwa bila kubadili joto, ambayo shinikizo mara ujazo halibadiliki. Ukizidisha x maradufu kila mara na y ikawa inaongezeka kwa kiasi kilekile, logi.

Sasa ile sensa. Idadi ya watu wa Tanzania, kwa milioni: 12.3 mwaka 1967, 17.5 mwaka 1978, 23.1 mwaka 1988, 34.4 mwaka 2002, 44.9 mwaka 2012, 61.7 mwaka 2022. Ukiipanga vizuri, mkunjo unapanda na kuzidi kuwa mkali. Mshukiwa wa kwanza wa macho ya haraka ni mstari ulioyumba kidogo. Mhoji: kutoka 12.3 hadi 61.7 kwa miaka 55 ni wastani wa milioni 0.898 kwa mwaka. Kama ni mstari, mwaka 2002 tungekuwa 12.3 + 35 × 0.898, yaani milioni 43.7. Sensa ilihesabu 34.4. Kosa la zaidi ya milioni 9 si la kuyumba kwa mkono, mstari ameondoka.

Mshukiwa wa pili ni kipeo. Hatua za x hazilingani, kwa hiyo huwezi kugawa tu namba zinazofuatana. Lazima utafute uwiano wa mwaka mmoja. Mwishoni ukigawa kwa mwanzoni: 61.7/12.3 = 5.016. Tunatafuta b ambayo b⁵⁵ = 5.016. Kwa kikokotoo, b = 1.0298, karibu asilimia 3 kwa mwaka. Jaribu y = 12.3 × 1.0298ᵗ, t ikiwa miaka tangu 1967. Mwaka 1978 inatoa 17.0 dhidi ya 17.5 ya sensa. Mwaka 1988, 22.8 dhidi ya 23.1, mwaka 2002, 34.3 dhidi ya 34.4, mwaka 2012, 46.0 dhidi ya 44.9. Watu si namba za kitabu, hawatalala sawasawa juu ya mkunjo, lakini kosa kubwa zaidi hapa ni milioni 1.1 na la mstari ni zaidi ya 9. Hukumu imepatikana. Ukitaka kuiona kwa macho, chukua logi ya kila idadi: 1.090, 1.243, 1.364, 1.537, 1.652, 1.790. Zipange dhidi ya miaka, rula itakaa juu yake karibu kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya karatasi za logi: kuunyoosha mkunjo wa kipeo ili macho, ambayo kwenye mikunjo hudanganyika lakini kwenye mistari ni hodari, yaweze kuamua.

Tahadhari moja. Mnyororo ulioning'inizwa kwenye ncha mbili unaonekana parabola tupu, lakini si parabola. Mlinganyo wake wa kweli ulipatikana mwaka 1691, ukiletwa na wanahisabati Huygens, Leibniz na Johann Bernoulli kila mmoja kivyake, na umejengwa kwa jumla ya fanksheni mbili za kipeo. Karibu na sehemu ya chini huwezi kuzitofautisha. Tofauti inajitokeza kwenye ncha. Ndiyo maana nukta za kupimia zichukue pembezoni pia, zisiwe za katikati peke yake.

Hatua ya 6: Mchoro uliohama

Mara nyingi familia utaitambua, ila haipo pale ilipozoeleka. Kupanda na kushuka hakusumbui: f(x) + 4 iko juu hatua nne. Kinachosumbua ni kushoto na kulia, kwa sababu f(x − 3) inakwenda kulia, wakati alama ya kutoa inawafanya watu waende kushoto. Usikariri, jiulize: ndani ya mabano patakuwa sifuri lini? x ikiwa 3. Basi kilichokuwa kinatokea kwenye 0 sasa kinatokea kwenye 3, na mchoro umehamia kulia. Kutoa kwa nje, −f(x), kunaupindua mchoro juu chini. Kutoa kwa ndani, f(−x), kunaupindua kushoto kulia. Tafuta kwanza alama moja isiyopotea, kama kona ya V, bonde la parabola au mwanzo wa kipeuo, na upime imehama kiasi gani kutoka sifuri. Kisha ndipo utafute kama imevutwa au kubanwa.

Jipime

Jaribu haya kabla hujasoma majibu yaliyo chini.

(a) Mkunjo unavuka mhimili wa x kwenye −2, unaugusa na kurudi kwenye 1, na unakata mhimili wa y kwenye 4.
(b) Nukta (1, 12), (2, 6), (3, 4), (6, 2).
(c) Nukta (0, 80), (1, 40), (2, 20), (3, 10).
(d) Nukta (1, 5), (2, 8), (4, 11), (8, 14).
(e) Nukta (0, 1), (1, 2), (2, 4).

Katika (a), kuvuka kunatoa (x + 2), kugusa kunatoa (x − 1)². Weka x = 0 kwenye y = a(x + 2)(x − 1)²: 2a = 4, kwa hiyo y = 2(x + 2)(x − 1)².

(b) na (c) zikichorwa ni mikunjo miwili inayoshuka na kujilaza, na wengi huzipa jina moja. Katika (b), x mara y ni 12 kila mahali: y = 12/x. Katika (c), kila hatua inagawa kwa 2: y = 80 × (½)ˣ. Njia nyingine ya kuzitenganisha bila hesabu ni kuangalia mhimili wa y. Ya pili inaukata kwenye 80. Ya kwanza haitaugusa kamwe.

Katika (d), x inakuwa maradufu na y inaongezeka 3 kila mara. Ni logi: y = 5 + 3 log₂x.

(e) ni mtego. Wengi wataandika 2ˣ bila kusita, na nukta zote tatu zitakubali. Lakini jaribu y = ½x² + ½x + 1: inatoa 1, 2 na 4 pia. Kwa nukta hizo tatu hakuna namna ya kuamua. Omba ya nne, penye x = 3: ukipewa 8, ni kipeo; ukipewa 7, ni parabola.